Hatua za Shangazi Recheli

Ipuli, Tabora
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu Recheli,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na upepo wa msimu huu uwe umeiachia mizinga yako salama. Mimi sijambo. Mwaka wa pili wa utabibu umeanza, vitabu ni vinene kuliko vya mwaka jana. Nimepata chumba hapa Ipuli, nakaa na msichana anaitwa Julieth, kwao Nzega. Tunaelewana vizuri. Mwenye nyumba, Mama Getruda, anakusalimu ingawa hamjaonana.

Usishangae Mfaume, kondakta wa basi, akikupa simu pamoja na barua hii. Nimemwomba aipakate njia nzima badala ya kuitupa kwenye buti la basi. Ni simu yangu ya zamani. Kioo kimepasuka na nusu ya chini haishiki kidole, kwa hiyo huwezi kuandikia ujumbe. Kuongea najua huwezi tangu ile homa ya uti wa mgongo ikuchukulie masikio. Sijakutumia uongee. Nataka utembee nayo tu.

Chuoni wameleta programu ya simu inaitwa Hatua Njema. Wameona wanafunzi wa afya ndio tunaoishi vibaya kuliko wote: tunakesha, tunakula chipsi, tunashinda tumekaa. Simu inahesabu hatua unazotembea, saa ulizolala, maji uliyokunywa. Kila jambo lina pointi, na pointi unabadilisha kwa bando au kwa matunda kantini. Kila Jumatatu majina ya wanaoongoza yanabandikwa karibu na maktaba.

Ukiwa na mwenza, ndugu au rafiki, na wote wawili mkafikisha hatua elfu nane kwa siku, pointi zinazidishwa mara mbili. Wenzangu wamechukuana wao kwa wao. Mimi nimekuandika wewe, maana hakuna anaetembea kama wewe. Ifunge kiunoni unapokwenda kwenye mizinga. Jirani yako Theodora ana sola, atakuchajia. Kwake mtandao unashika, itatuma yenyewe.

Tangu baba atangulie tumebaki wawili, Shangazi. Wacha tuwe wawili na huku pia.

Mwanao,
Nyamizi


Ipole, Sikonge
20 Oktoba 2024

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba, na mwangaluka pia, usije ukaisahau salamu ya kwenu huko mjini. Mimi mzima. Theodora anakusalimu, bani lake la kukaushia tumbaku limeezuliwa na upepo na anamlaumu kila mtu isipokuwa fundi aliyelijenga. Mizinga miwili imeanguka. Iliyobaki nimeipitia yote. Nyuki siwasikii, lakini nikiweka kiganja kwenye gome najua kama wamo, na wako wangapi.

Umeandika "anaetembea". Ni "anayetembea". Nilishika chaki miaka ishirini na sita, usinitake ninyamaze.

Simu imefika. Nimeishonea kifuko cha kitenge, naifunga kiunoni chini ya khanga. Theodora ameniuliza ni hirizi ya nini. Nimemwambia ni ya kumfaulisha mtoto. Sioni hasa mtu anavyopewa zawadi kwa kutembea. Sisi tungekuwa matajiri wa wilaya nzima, na babu zako waliobeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani wangekuwa wafalme. Lakini kama inakusaidia, natembea.

Umesema maji nayo yana pointi. Basi waambie wana bingwa wao huku. Siku hizi nakunywa kata kwa kata, mtungi wa asubuhi haufiki jioni. Joto la mwaka huu si la mchezo.

Kula vizuri. Nimekufungia matobolwa ya viazi vitamu na mboga kavu ya nsansa. Mpe na huyo Julieth.

Shangazi yako,
Recheli


Ipuli
17 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za mvua? Hapa zimenyesha mara mbili na barabara ya chuo imekuwa tope tupu. Matobolwa yamefika, nimeyala kwa siku tatu badala ya wiki tatu. Julieth hakuyaonja. Amehamia kwa rafiki zake karibu na chuo. Hatukugombana, ni kwamba kule ni karibu. Chumba sasa kina nafasi, nasoma vizuri.

Hongera sana! Sisi ni wa tano kwenye ubao. Na hongera kwa maji. Ningekuwa na namna ya kuyaingiza ningeyaingiza yote.

Nikuambie jambo la kipuuzi. Kila jioni nafungua simu niangalie hatua zako kabla ya zangu. Jana ulitembea 13,412. Zinaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, zinakwenda bila kusimama mpaka karibu saa nne, halafu zinatulia kama nusu saa. Najua hapo umekaa unakula matobolwa. Kisha zinaanza tena, polepole, maana umebeba kitu. Ni namba tu, lakini nakuona.

Zangu natembea peke yangu baada ya vipindi. Natoka Ipuli nafika mpaka njia ya Kwihara, ile waliyokuwa wakipita wapagazi, halafu narudi. Wenzangu wanatembea makundi makundi wakicheka. Mimi simu ndiyo inayoniambia asubuhi, "Hongera Nyamizi, siku ya arobaini mfululizo!" Baada ya hapo jina langu silisikii tena mpaka kesho yake.

Usidhani nalalamika. Nina afya nzuri sana.

Nyamizi


Ipuli
15 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka kwa sababu Mfaume anaondoka. Krismasi sitaweza kuja. Nimepangiwa zamu wodini. Nimeumia sana, lakini ndivyo kazi yetu ilivyo. Nimekutumia kitambaa cha gauni na hela kidogo, mnunulie na Theodora soda. Tuko wa tatu sasa!

Nitakuja Pasaka, bila kukosa.

Nyamizi


Ipole
3 Januari 2025

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako Mfaume aliniletea tarehe ishirini na nane. Basi lilikuwa limeharibika. Kwa hiyo siku ya Krismasi nilikuwa bado nakungoja. Nilikuwa nimechinja jogoo. Paja lako alikula Theodora, akasema asante kwa niaba yako.

Kitambaa ni kizuri. Ibada ilikuwa nzuri, nasikia. Nasema nasikia kwa mazoea; niliona watu wanaimba na mimi nikaimba. Theodora anasema nilimaliza ubeti mmoja kabla ya wote.

Kisiki kimenichubua mguu kule msituni. Wala sikukisikia, nilikuja kuona damu kwenye kandambili nikiwa nimeshafika nyumbani. Nimeweka asali, kitapona.

Wagonjwa wako hawajambo? Zamu ya Krismasi ni kazi ya sadaka. Baba yako angejivuna.

Shangazi Recheli


Ipuli
26 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mahindi yamekubali mvua. Mimi mzima.

Shangazi, kuna nini huko? Wiki iliyopita ulikuwa na hatua elfu tatu kwa siku. Juzi mia nne. Jana mia mbili na kumi. Nilidhani simu imeharibika, lakini inatuma kama kawaida. Au unaiacha nyumbani unapokwenda msituni? Tafadhali uwe unaivaa.

Naomba usinielewe vibaya. Tulikuwa wa pili. Watu wameanza kunijua. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alinisimamisha kantini akaniuliza, "Wewe ndiye Nyamizi wa kwenye ubao?" Alikaa tukanywa chai pamoja. Sasa tumeshuka wa saba kwa sababu siku ambazo hufikishi elfu nane, na zangu hazizidishwi. Shindano linaisha mwishoni mwa Machi. Ni miezi miwili tu, Shangazi. Jitahidi kidogo. Najua unaweza, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtembezi hula miguu yake.

Nakusubiri kila jioni.

Nyamizi


Ipole
9 Februari 2025

Nyamizi,

Nimekuelewa. Utazipata hatua zako.

Mvua ni nyingi. Theodora anasalimia.

Recheli


Ipuli
9 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sitaandika habari za hapa.

Mwezi mzima nimefurahi. Elfu tisa, elfu kumi na mbili, siku moja elfu kumi na sita. Tangu Jumatatu iliyopita sisi ndio wa kwanza. Barua yako fupi niliiweka ndani ya daftari, nikajiambia una shughuli nyingi.

Alhamisi tulikuwa na somo la kisukari. Mwalimu alituonyesha picha ya mguu. Alisema, "Mgonjwa atakuja kwako akilalamika kiu. Atakunywa maji mengi kuliko kawaida. Halafu siku moja atajikata mguuni na hatasikia, maana mishipa ya fahamu imeshakufa. Atawaambia nyumbani, ni mchubuko tu." Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilitoka nje.

Nilirudi chumbani nikasoma barua zako zote. Mtungi. Kandambili. Umeniandikia kila kitu, na mimi nilijibu "hongera".

Kisha nikafungua simu nikaangalia hatua zako za mwezi huu, saa kwa saa, jambo ambalo tangu nianze kufurahia sikuwa nalifanya. Jumapili iliyopita ulitembea hatua elfu sita kati ya saa nne na saa sita. Saa nne wewe uko kanisani. Hujawahi kukosa kanisani tangu nizaliwe.

Nani anatembea na simu, Shangazi? Mguu ukoje? Unapoukanyaga, unasikia?

Ijumaa nakuja. Hata ukisema nisije.

Nyamizi


Ipole
13 Machi 2025

Mwanangu,

Usije. Una mitihani, na njia ni mbaya. Mguu ni wangu, ninaujua.

Wiki ya kwanza nilizitembea mwenyewe, kuzunguka uwanja wa nyumba, kwa fimbo. Ukinisukuma kidogo naamka, ndivyo nilivyo. Nilipoona siwezi tena nikampa Theodora ile hirizi aivae shambani, na Jumapili pia, maana siku hizi anapalilia mpaka siku ya Bwana. Usimlaumu. Nilimwambia ni kwa ajili ya masomo yako. Nisamehe kwa kukudanganya. Mwalimu hadanganyi, lakini mimi ni mwalimu mstaafu.

Usije. Nitakuandikia nikipona.

Recheli


Ipuli
27 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mfaume ameniambia ulifika nyumbani salama na kwamba Theodora alikupokea kwa kelele ambazo kwa bahati yako hukuzisikia. Mshono usiloe maji. Dawa za sukari usiruke hata siku moja. Nimeandika saa zake kwenye karatasi ya bluu, ibandike juu ya mtungi.

Barua yako ya kunikataza ilipishana nami njiani. Nimeipata niliporudi. Kwa hiyo nilipoingia kwako ile Ijumaa sikujua lolote ulilokuwa umeungama. Nilifunua tu shuka, na harufu ikaniambia.

Kule hospitali nilikuandikia kwenye daftari mambo ya lazima tu: watakata vidole viwili, usiogope, nipo. Yaliyosemwa ukiwa umelala sikukuandikia, nawe hukuweza kuyasikia. Nayaandika sasa kwa sababu hayapaswi kubaki kwangu peke yangu.

Daktari alitoa bandeji, akauangalia mguu muda mrefu. Akasema, "Huyu mama angeletwa Januari tungesafisha na kumwandikia dawa, basi. Nani alimruhusu aendelee kuutembelea?"

Theodora akajibu, kwa nia njema kabisa, "Ni zile pointi za mtoto wake, daktari. Simu ilikuwa inamdai hatua."

Daktari hakuelewa. Nilikuwa nimesimama pale na koti jeupe la chuo, maana nilitoka moja kwa moja kwenye mazoezi ya wodini. Akanigeukia. "Wewe ndiye mtoto?"

Nikasema ndiyo.

"Mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

Alinipa glovu, akaniambia nishike taa nimmulikie. Nilishika mpaka mwisho. Nilitamani angenifokea.

Kuna jingine. Krismasi sikuwa na zamu. Nilikuwa na siku themanini mfululizo, na nikisafiri kwa basi nisingefikisha hatua, ningezipoteza. Nilikaa chumbani peke yangu, nikatoka kutembea, nikafikisha hatua zangu, simu ikaniandikia hongera. Ulinisifu kwa zamu ambayo haikuwepo, na nikakuacha unisifu.

Shindano liliisha ukiwa bado wodini. Tulishinda, kwa pointi zilizokuwa zimeshakusanywa. Bwana Sixbert, mshauri wa wanafunzi, aliniita ofisini. Alikuwa na furaha. Alitaka nisimame mbele ya chuo nieleze jinsi mama wa kijijini alivyoingia kwenye programu kwa bidii kuliko vijana.

Nikamwambia, "Hatua za Februari na Machi nyingi hazikuwa zake. Na zile zilizokuwa zake hakupaswa kuzitembea." Nikamweleza yote.

Aliinama. Akaniuliza, "Mbona hukusema mapema kwamba mwenzako anaumwa?"

"Hakuna mahali pa kusema," nikamjibu. "Inauliza umetembea ngapi. Haiulizi kwa nini hukutembea."

Aliandika maneno hayo kwenye karatasi. Alisema atawapelekea walioitengeneza, ili mwenza akiumwa aweze kupumzika bila mtu kupoteza kitu, na kwamba hatua zikishuka ghafla simu iulize hali badala ya kusukuma. Sijui kama watafanya. Alionekana mtu mwema aliyechoka. Majina yetu yaliondolewa ubaoni Jumatatu iliyofuata. Yule msichana wa chai alinipita kantini akitazama simu yake. Labda hakuniona.

Nimeifuta programu. Asubuhi sasa ni kimya. Bado natembea jioni, miguu imezoea, ila sijui nimekwenda hatua ngapi, na nikirudi hakuna anayejua kama nilitoka.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naona ni rahisi mno.

Nyamizi


Ipole
18 Mei 2025

Mwanangu Nyamizi,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Si kwa hasira. Nilikuwa natafuta namna ya kuijibu kwa ukweli, na ukweli nimeuzoea kuwafundisha wengine.

Kwanza habari. Mguu unakauka. Karatasi ya bluu iko juu ya mtungi na dawa nameza. Theodora amevuna tumbaku, bani jipya limesimama, anamsifu fundi utadhani si yule yule. Mvua zimekatika. Msitu una maua mengi, mwaka huu asali itakuwepo, ila mtu wa kuipanda miti hakuna.

Sasa sikiliza. Umejitwika mzigo wote kichwani kama mpagazi asiye na mwenzake. Teremsha nusu, ni wangu. Kiu niliijua. Mguu niliuona. Theodora aliniambia tangu Januari, "Nenda zahanati," nikamfanya hajasema. Si simu iliyoniharibu, nilikuwa na akili zangu.

Lakini nitakuambia kwa nini nilitembea, maana si kwa ajili ya pointi zako. Tangu masikio yafe, watu hunipungia mkono wakaenda zao. Kuandika kwenye daftari ili uongee na kizee ni kazi, siwalaumu. Baba yako alikuwa anakaa na kuniandikia. Alipokufa, wiki nzima ilikuwa ikipita bila mtu kuniambia neno. Kisha ukaniletea ile simu, na ukaandika kwamba unajua saa ninayokaa kula. Mwanangu, kuanzia siku hiyo nilikuwa nakaa mahali pale pale, saa ile ile, hata nisipokuwa na njaa, usije ukanipoteza. Nikisema mguu umevimba nipumzike, nawaza: jioni mtoto atafungua, ataona sifuri, atadhani sipo. Ndiyo maana nilizunguka uwanja kwa fimbo. Nilikuwa nakuitikia.

Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaoangaliana kwenye namba, kila mmoja anamficha mwenzake kwamba yuko peke yake. Nani amdai nani msamaha? Krismasi iliniuma, sitakudanganya. Iliuma zaidi kujua ulikuwa umekaa chumbani kwako, saa chache tu kwa basi. Lakini jogoo si wa mwisho duniani.

Simu nimemrudishia Mfaume akuletee. Sitaki kuhesabiwa tena, na wewe usinihesabu. Nikikuandikia kwamba naumwa, naumwa. Nisipoandika kwa wiki tatu, njoo uone.

Mitihani ikiisha Juni, njoo tuvune. Kupanda siwezi tena, lakini nitakaa chini ya mti nikuonyeshe kwa fimbo mzinga upi umejaa. Utaumwa na nyuki, hakuna pointi za hilo.

Basi hufika alasiri. Saa hizo nakuwa uani nachambua mboga, mgongo nimeupa mlango. Usisimame nje ukipiga hodi, utasimama mpaka giza. Ingia moja kwa moja, unishike bega.

Shangazi yako,
Recheli